Kosa, Hatia na Jinai: Asili ya Sheria ya Jinai katika Kusadikika

Utangulizi

Riwaya ya Kusadikika, iliyotolewa na Shaaban Robert mwaka 1951, imesomwa katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na wahakiki wake wengi wamekubaliana kwamba ni fumbo la utawala wa kikoloni. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Lakini mashaka ya watu wake ni ya hapa duniani, na msomaji hahitaji darubini ili kuitambua Tanganyika ya wakati wa Waingereza. Usomaji huo una haki yake, wala makala haya hayakusudii kuupinga. Hata hivyo una upungufu mmoja. Kwa kuharakia kumtaja mtawala aliyefumbwa, umelipita jambo ambalo riwaya inalitamka waziwazi tangu mwanzo: kwamba Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Hakuiba, hakuua, hakuchoma nyumba ya mtu. Alianzisha mafunzo ya uanasheria katika nchi ambayo haikuwa nayo, na waziri Majivuno akaona kwamba kitendo hicho ni hatari kwa dola.

Swali linalozuka hapo ni kongwe kuliko ukoloni. Kitendo hugeukaje kuwa kosa la jinai? Nani mwenye mamlaka ya kukipa jina hilo, na aliyapata wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kusadikika ni riwaya inayochunguza misingi ya sheria ya jinai, kwamba uchunguzi huo umo katika fani yake kama ulivyo katika maudhui, na kwamba jibu linalotolewa na mwandishi, pamoja na ubora wake, lina mpaka ambao maisha ya mshairi mmoja wa Mombasa yalikuja kuudhihirisha.

Ushahidi wa maneno

Yafaa kuanzia katika lugha yenyewe. Msamiati wa Kiswahili unaohusu uovu na adhabu umepangika kwa matabaka. Vitendo vyenyewe vina majina ya Kibantu: kuiba, kuua, kupiga. Neno kosa nalo ni la Kibantu, na asili yake ni kutopata kilichotafutwa. Mwindaji hukosa mnyama, msafiri hukosa njia. Vyombo vya kuhukumia, kwa upande mwingine, vina majina yaliyotoka nje: sheria, hukumu, hakimu, mahakama na adhabu yametoka katika Kiarabu, korti, polisi na jela yametoka katika Kiingereza. Gereza ni neno lenye safari ya ajabu zaidi, kwani lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuja kutumiwa na Waingereza kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, kana kwamba historia ilitaka kulithibitisha neno.

Mtu asiye mwangalifu angeweza kudai, kwa ushahidi huo, kwamba Waswahili na jirani zao walijua kuiba na kuua, lakini kuhukumu walifundishwa na wageni. Hoja hiyo haifai. Kukopa neno si kukopa wazo. Tena, katika tabaka hizo hizo yamo maneno kama kufunga, kulipa, kuapa na kiapo, ambayo ni ya wenyeji na yanahusu utaratibu wa kumaliza mashtaka. Linaloonyeshwa na maneno ya kigeni ni kwamba kila dola iliyofika pwani ilikuja na baraza lake, na kila baraza likaacha jina lake mlangoni.

Neno jinai lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika fikihi ya Kiislamu, asili ya neno hili huhusu zaidi madhara yaliyofanywa juu ya mwili wa binadamu, yaani kuua na kujeruhi. Katika madhara hayo, jamaa wa aliyeuawa ndio wenye kauli kubwa: waweza kudai kisasi, waweza kupokea dia, waweza kusamehe. Maana ya neno hilo katika Kiswahili cha mahakama ya leo imegeuka kinyumenyume. Kosa la jinai ni lile linaloshtakiwa na dola. Kesi huandikwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na mjane wa aliyeuawa huitwa kizimbani kuwa shahidi tu, kisha hurejea kwake. Neno lililokuwa alama ya haki ya jamaa limekuwa alama ya haki ya serikali. Mgeuko huo wa maana ndio historia ya sheria ya jinai kwa ufupi.

Kutoka fidia hadi adhabu

Mwanasheria wa Kiingereza Henry Maine, katika kitabu chake Ancient Law cha mwaka 1861, alishikilia kwamba jamii za kale zilikuwa na sheria ya madhara, si sheria ya jinai. Aliyeibiwa au kujeruhiwa alidai malipo kwa aliyemdhuru, na dola, kama ilikuwapo, ilisimama kando kama msuluhishi. Ushahidi wa Afrika Mashariki waelekea kumwunga mkono. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwamba miongoni mwa Wakikuyu kuua mwanamume kulilipiwa mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10. Lengo la malipo hayo lilikuwa kuirudishia mbari kile ilichopungukiwa na kuizuia damu isizae damu. Kumtesa mwuaji hakukuwa ndiyo nia.

Hata hivyo nadharia ya Maine haitoshi. Jamii hizo hizo zilizokubali fidia kwa mauaji zilikuwa na watu ambao hazikukubali fidia juu yao. Miongoni mwa Wakamba, mtu aliyesadikiwa kuwa mchawi, au mwizi aliyekuwa sugu, aliweza kuuawa na wanajamii kwa pamoja katika desturi ya king'ole, tena kwa idhini ya jamaa zake mwenyewe. Hapo hapana malipo, hapana mdai mmoja. Jamii nzima ni mdai, na jamii nzima ni mkono wa adhabu. Wazo la kosa lililotendwa dhidi ya wote lilikuwapo, basi, kabla ya bendera ya mgeni. Lisilokuwapo ni mtumishi wa kudumu aliyelipwa mshahara ili alishtaki.

Mgongano wa mawazo hayo mawili ulionekana wazi mwaka 1932, pale Wakamba 60 walipohukumiwa kunyongwa na mahakama ya Kenya kwa kumwua mwanamke waliyemdhania mchawi. Hukumu hiyo haikutekelezwa. Mbele ya mahakama watu hao walikuwa wauaji 60. Machoni pao wenyewe walikuwa wamemwondoa adui wa kijiji. Yafaa isisahauliwe kwamba mwanamke huyo naye alikuwa mtu, na kwamba hakupata wakili wala nafasi ya kujibu. Anayeisifu mila kwa kuwa ni ya wenyeji hana budi kumtazama marehemu huyo usoni kwanza. Kila upande uliona jinai kwa mwenzake, na kila upande uliitwaa nguvu ya kuua kama haki yake.

Sheria iliyowahukumu ilikuwa na nasaba yake. Tangu 1897 utawala wa Uingereza katika Afrika Mashariki ulitumia kanuni za India, ikiwamo Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ya kwanza iliandaliwa na tume ya Thomas Macaulay mwaka 1837. Mwaka 1930 Kenya ilipewa kanuni mpya, iliyofuata mfano wa kanuni ya Queensland, Australia, iliyotungwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899, kisha ikapitia Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904. Mtu wa Nyeri au Lamu alihukumiwa, basi, kwa maneno yaliyotungwa ili kuwatawala watu wa Brisbane. India yenyewe iliiacha kanuni ya 1860 tarehe 1 Julai 2024. Kenya ingali na ile ya 1930, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi.

Kesi isiyo na kifungu

Katika mwanga huo, kesi ya Karama hupata uzito mpya. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Alizijua ofisi, alizijua amri zilizoshuka kutoka juu bila maelezo. Katika Kusadikika alijenga dola ambayo ina mfalme, mawaziri, baraza, gereza na adhabu. Kila chombo cha sheria ya jinai kimo, isipokuwa sheria. Karama haonyeshwi amri aliyoivunja. Anashtakiwa kwa sababu Majivuno anasema kwamba mafunzo yake yataleta madhara, na baraza linaitikia.

Hapa ndipo riwaya inapogusa msingi mkuu wa sheria ya jinai ya nyakati hizi: kwamba pasipokuwa na sheria iliyotangulia hapana kosa, wala hapana adhabu. Kanuni hiyo ilitamkwa kwa Kilatini na Mjerumani Feuerbach mwaka 1801, lakini roho yake ilikwisha kuonekana katika kitabu cha Mwitalia Cesare Beccaria cha mwaka 1764 juu ya makosa na adhabu. Si lazima kudai kwamba Shaaban Robert aliwasoma. Mtu aliyeonewa huweza kuifikia kanuni hii kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuuliza swali moja tu: nimevunja nini?

Kinaya cha riwaya kimejengwa juu ya swali hilo. Kosa la Karama ni kuwafundisha watu namna ya kuliuliza. Katika nchi isiyo na sheria, jinai ya kwanza na iliyo kubwa kuliko zote ni kuitaja sheria, kwa maana mwenye kuitaja amekwisha kumwekea mtawala mpaka. Ghadhabu ya Majivuno, kwa hiyo, si upumbavu kama baadhi ya wanafunzi wanavyoandika katika majaribio yao. Majivuno ameelewa vizuri. Ndiye mtu katika baraza lile anayeielewa thamani ya somo la Karama kuliko wote, isipokuwa Karama mwenyewe.

Hadithi sita kama kumbukumbu za hukumu

Wahakiki wa fani mara nyingi wameulaumu muundo wa riwaya hii. Wamesema kwamba Karama, badala ya kujibu mashtaka, anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliosafiri pande mbalimbali ili kuleta mambo ya kuwafaa Wakusadikika, na ambao kila mmoja wao, aliporejea, alilipwa kifungo. Hadithi hizo, wamesema, zinafanana mno, zinakatiza mwendo wa kesi, zinamchosha msomaji.

Lawama hiyo inaanguka pale hadithi zinaposomwa kama sehemu ya utaratibu wa mahakama. Wakili katika nchi yenye sheria hutaja vifungu, kisha hutaja hukumu zilizotangulia. Karama hana kifungu cha kutaja. Kilichobaki kwake ni hukumu zilizotangulia, nazo hazikuandikwa popote. Zimo katika kumbukumbu za watu na katika kuta za gereza. Anachokifanya, siku baada ya siku, ni kuitungia Kusadikika kitabu chake cha kwanza cha hukumu, tena kwa mdomo, mbele ya wale wale waliozitoa. Kufanana kwa hadithi hizo ndiyo hoja yake. Hukumu moja mbaya yaweza kuitwa ajali. Hukumu sita zenye sura moja ni desturi, na desturi ikikwisha kutambuliwa yaweza kupimwa. Masimulizi ya kimapokeo na utetezi wa mahakama vimekutana hapa katika umbo moja, na hakuna ushahidi bora zaidi wa kwamba fani ya mwandishi huyu haikuwa pambo.

Yafaa kulinganisha jambo hili na riwaya ya upelelezi iliyofuata. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), ambamo Bwana Msa anachunguza mauaji, sheria imekwisha kuwapo na haina mashaka. Swali ni moja: nani aliyeua? Akipatikana, ulimwengu unatengemaa. Kusadikika inaliacha swali hilo kabisa. Mtendaji anajulikana tangu ukurasa wa kwanza wa kesi, wala hakani alilolitenda. Kinachopelelezwa ni jina la kosa, na kadiri upelelezi unavyosonga mbele ndivyo kidole kinavyogeuka kuelekea kiti cha hakimu.

Upungufu wa jibu

Karama anashinda. Anaachiliwa huru, na wajumbe waliofungwa nao wanatolewa. Wasomaji wengi hufurahi. Lakini furaha hiyo haina budi kuhojiwa. Karama ameshinda kwa sababu gani? Mfalme amesikia, ameguswa, ameamua. Hakuna sheria iliyotamkwa ambayo kesho itamlinda mtu mwingine asiye na ufasaha wa Karama. Kama mfalme angekuwa na usingizi siku ya nne, au kama mshtakiwa angekuwa na kigugumizi, gereza lingepata mtu wa saba. Haki ya Kusadikika imetoka katika kinywa kile kile kilichotoa dhuluma, na mlango uliofunguliwa kwa hisani waweza kufungwa kwa hasira.

Upungufu huo unatokana na imani kuu ya mwandishi, kwamba utu ukiamshwa moyoni mwa mtawala basi dola itatengemaa. Ni imani yenye heshima. Lakini misingi ya sheria ya jinai iliwekwa, popote ilipowekwa vizuri, na watu waliokataa kuutegemea moyo wa mtawala. Walitaka maandishi, na walitaka yatangulie kitendo.

Hata hivyo maandishi nayo yana mtego wake, na mtego huo ulionekana Kenya. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiuliza serikali ya chama kilichotawala iliipeleka nchi wapi. Alishtakiwa kwa uchochezi na akatumikia kifungo cha miaka mitatu, hadi 1972. Yeye hakuwa katika hali ya Karama. Kifungu kilikuwapo, kilikuwa kimeandikwa, kilitangulia kitendo. Kanuni ya Feuerbach ilitimizwa kwa umbo lake, na mtu akaingia gerezani kwa kuuliza swali. Kifungu hicho kilikuwa urithi wa ukoloni, na serikali huru iliukuta ukiwa na makali yake, ikautumia. Makosa ya uchochezi yaliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997, miaka 25 baada ya mshairi kutoka kifungoni.

Diwani aliyoitunga gerezani, Sauti ya Dhiki, ilitolewa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Diwani hiyo husomwa kwa kawaida kama sauti ya mateso ya mtu mmoja. Ikisomwa kando ya Kusadikika, huonekana kama jibu. Shaaban Robert alionyesha dola yenye adhabu bila sheria. Abdilatif Abdalla aliishi katika dola ambayo sheria yake ndiyo iliyokuwa chombo cha dhuluma. Wa kwanza alidhani mtawala atashawishika. Wa pili, katika shairi kama "Siwati", hamwombi mtawala chochote. Anashikilia msimamo wake, na anamwachia msomaji kazi ya kuhukumu. Mamlaka ya kuamua lipi ni kosa yamehama kutoka kiti cha enzi hadi kwa umma. Huo ndio msingi ambao Kusadikika iliukaribia bila kuufikia.

Tamati

Sheria ya jinai, basi, haikuzaliwa mahali pamoja. Ina mguu mmoja katika fidia ya mbari, mwingine katika ghadhabu ya jamii nzima, na mkono wake wa nguvu ni wa dola iliyoutwaa ugomvi wa watu na kuufanya wake. Katiba ya uhuru ya Kenya ya 1963 iliagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa kosa la jinai ila kosa liwe limefafanuliwa na adhabu yake kutajwa katika sheria iliyoandikwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inamlinda mtu asihukumiwe kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa wakati alipokitenda, na inampa mshtakiwa asiyeijua lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo.

Pamoja na hayo, ombi la Karama halijajibiwa kikamilifu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema kwamba kutoijua sheria si udhuru. Kanuni hiyo hiyo ilitungwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ndiko mawakili na mahakimu wanakoisoma, ingawa Kiswahili ni lugha ya taifa na, tangu 2010, ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Beccaria alikwisha kuonya, zaidi ya karne mbili zilizopita, kwamba sheria iliyoandikwa kwa lugha isiyojulikana na watu huwafanya wawe watumwa wa wachache wanaoijua. Mtu wa kawaida anayesimama kizimbani Kilifi au Busia anaambiwa kwamba aliijua sheria. Kisha anasomewa mashtaka kupitia kinywa cha mkalimani, na neno jinai linamfikia likiwa limechoka kwa safari.

Karama alishtakiwa kwa kutaka watu wa nchi yake waijue sheria itakayowahukumu. Kazi hiyo haikumalizika siku alipoachiliwa, na sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha: kusanifu istilahi, kutafsiri kanuni, kuandika hukumu kwa maneno ambayo mama wa mshtakiwa, akiketi nyuma mahakamani, ataweza kuyafuata. Idara za Kiswahili zinazoifundisha Kusadikika kila mwaka kama kitabu cha mtihani zimekabidhiwa kesi hiyo. Itakuwa aibu kumpa Karama alama nzuri darasani na kumwacha peke yake barazani.